Eda ya Bi Mwanahija

Siku mhudumu alipoletwa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, watu wa mtaa walitoka vibarazani kutazama kana kwamba ni bwana harusi anayeshuka. Alishushwa garini akiwa bado kwenye plastiki yake: kimo cha mtoto wa darasa la nne, magurudumu badala ya miguu, mikono miwili mirefu yenye viganja vya mpira laini, na usoni taa mbili za rangi ya chai ya maziwa. Hayakuwa macho, lakini ukizungumza naye hukuwa na pengine pa kuangalia.

Twaha Kilua alikuwa amesafiri kutoka Dodoma kwa ajili ya siku hiyo moja. Alikuwa afisa vipimo, mtu wa kupita masokoni akikagua mizani, na miaka ishirini na sita ya kazi hiyo ilikuwa imemkaza shingo. Mchuuzi akimwambia, "Mzee, imepunja gramu tano tu," Twaha alimjibu kwamba wizi hauna "tu". Maneno hayo aliyapenda mno, hata harusini aliwahi kuyasema, na watu wakaendelea kula pilau yao.

Mama yake, Bi Mwanahija, alikuwa na miaka sabini na minane na akili yake ilikuwa imeanza kumtoroka. Mwanzoni alisahau kutia chumvi, halafu akasahau kwamba ametia, halafu siku moja akaokotwa stesheni ya treni na sufuria ya wali kichwani, akimpelekea mumewe chakula. Mumewe, Mzee Salehe, fundi wa mitambo ya jua, alikuwa kaburini mwaka wa kumi. Sheria ya Wazee ilikuwa wazi: mzazi akifika hapo, mtoto ahamie kwake, au amhamishie kwake, au amwekee mhudumu. Twaha alikuwa mtoto wa pekee. Dodoma Bi Mwanahija aliikataa katakata, na kazi ya Twaha haikumruhusu kuhamia Tanga, kama alivyowaeleza wote waliomuuliza na wengine ambao hata hawakumuuliza.

Fundi aliyemleta mhudumu alikuwa dada mmoja mchangamfu, Devotha. Aliketi na Twaha ukumbini, kishikwambi mapajani.

"Kaka, maswali matatu tu ya lazima. Mama ni mtu wa ibada?"

"Sana."

"Basi naandika aheshimu ibada na desturi zake, asizikatize. La pili, kumbukumbu ya maisha. Mhudumu anajua yale tu mnayomjazia. Msipojaza, atasema hana taarifa."

Twaha alijaza mahali mama alipozaliwa, ndoa, na tarehe ya kifo cha baba. Ukurasa wa matukio mengine aliuacha mtupu. Hakuwa na mengi ya kuandika, na treni ya jioni ilikuwa inamsubiri.

"La tatu," Devotha alisema, safari hii taratibu. "Kwa sheria, mashine hairuhusiwi kumwambia mtu jambo ambalo inajua si kweli. Lakini kwa wagonjwa wa usahaulifu mtoto anaweza kusaini kibali cha faraja. Mama akimuulizia marehemu, mhudumu atasema amesafiri, ametoka kidogo, chochote cha kumpoza. Wengi wanasaini."

"Yaani nimwekee mama yangu mwongo ndani ya nyumba yake?"

"Kaka, atamuulizia baba kila siku."

"Na aambiwe ukweli kila siku. Atazoea."

Neno hilo, atazoea, ndilo ambalo baadaye Twaha angetoa chochote alirudishe mdomoni.

Bi Mwanahija alitoka chumbani akiburuza kandambili, bangili zake mbili za dhahabu zikigongana mkononi. Akamtazama yule mhudumu juu hadi chini. "Mgeni huyu ameshakula?" aliuliza. Wote wakacheka, na tangu hapo jina likawa Mgeni.

*

Taarifa zilimfikia Twaha kwenye simu kila jioni, na zilikuwa taarifa za kumpa mtu usingizi mzuri. *Amekula uji bakuli moja. Dawa amekunywa. Hajajaribu kupotea. Hajatoka nje. Utulivu: mzuri sana.* Ofisini alikuwa akiwaonyesha wenzake, hasa waliokuwa na wazazi wasumbufu. Chini ya kila taarifa palikuwa na kidoti chekundu cha maombi na matangazo, ambacho hakukigusa. Aliamini ni wale wale wanaouza betri.

Kila Ijumaa alimpigia mama kwa picha. Alimwona amekaa mkekani, mtandio mweupe umemzunguka uso, sauti ya chini. Alidhani ametoka kuswali. Alifurahi kwamba mama, katika kupoteza mengi, hakuipoteza dini yake.

"Pole na wewe, baba," mama alimwambia mara nyingi. "Ndiyo amri ya Mungu."

"Ahsante, Mama," alijibu Twaha, akidhani anapewa pole ya kazi.

Treni ya Dodoma na Tanga, enzi hizo, ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu. Mtu angeweza kwenda kunywa chai kwa mama yake na kurudi kazini kabla ya adhuhuri. Miezi kumi na mitatu ilipita, Twaha hajaipanda.

Kilichompandisha ni ujumbe wa Bi Mwatumu, jirani na shoga wa mama yake tangu ujana. Haukuwa na salamu. "Njoo umwone mama yako. Usipige simu. Njoo."

*

Alifika Jumamosi asubuhi. Nje kulikuwa na jua kali na watu wananunua mkate wa ajemi, lakini nyumba ya mama yake ilikuwa imefungwa madirisha, pazia zimeshushwa. Alipoingia ilimchukua muda macho yazoee kiza.

Mama yake alikuwa kwenye mkeka pembeni ya ukuta, kajifunika nguo nyeupe toka kichwani. Mikono ilikuwa mitupu. Zile bangili, ambazo Twaha hakuwahi kumwona bila hizo tangu azaliwe, hazikuwepo. Ngozi yake ilikuwa imepauka, na alipojaribu kuinuka magoti yalikataa akarudi chini.

"Umefika, baba," alisema, machozi yakimtiririka. "Pole, mwanangu. Wameshamzika?"

Twaha alipiga magoti. "Nani, Mama?"

"Nani tena? Si baba yako! Nimeambiwa asubuhi hii."

Mgeni alikuwa anatoka jikoni na bakuli la uji. Twaha alimshika mkono wa mpira akamvuta hadi uani.

"Amekaa hivi tangu lini?"

"Tangu saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Bwana Twaha." Sauti yake ilikuwa ya kike na ya upole, sauti ambayo mama alikubali imwogeshe.

"Na jana?"

"Jana tangu saa moja kasoro dakika tano."

"Sikuulizi saa! Ni siku ngapi anakaa hivi?"

"Siku mia tatu themanini na nne. Siku kumi na mbili hakuuliza."

Twaha alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mgeni, kwa kuwa aliulizwa, aliendelea kueleza bila haraka. Kila asubuhi Bi Mwanahija huamka na kuuliza kama Baba Twaha ameamka. Hujibiwa kwamba Mzee Salehe amefariki, miaka kumi na moja sasa. Hulia. Kisha huuliza: miaka kumi na moja, na eda yangu je? Nilikaa? Nani alinitoa?

"Na unamjibu nini?"

"Kwamba sina taarifa. Ukurasa wa matukio mengine ni mtupu."

"Halafu?"

"Husema, 'Ya Rabi, mume wangu kafa na mimi sijamkalia eda, nimekuwa nikitembea hovyo njiani.' Huvua bangili, huvaa nyeupe, hukaa. Daktari aliagiza matembezi ya nusu saa kila siku. Lakini mwanamke wa eda hatoki nje, na nimeelekezwa nisikatize ibada. Jioni husahau akalala. Asubuhi huuliza tena."

Siku mia tatu themanini na nne. Mama yake alikuwa amefiwa na mume mmoja mara mia tatu themanini na nne, na kila mara alikuwa mjane wa siku ya kwanza. Miezi minne na siku kumi ambayo kila mjane huihesabu akijua ina mwisho, yeye haikumsogea hata siku moja.

"Ungeniuliza!" Twaha alipiga kelele. "Mimi ni mwanawe, ungeniuliza kama alikaa eda!"

"Niliuliza, Bwana Twaha. Mara kumi na nne."

Alitoa simu. Alikigusa kile kidoti chekundu kwa mara ya kwanza, na maombi kumi na manne yakajipanga mbele yake, yote kwa maneno yale yale: *Je, Bi Mwanahija alimaliza eda? Lini? Jirani anasema ndiyo. Maelezo ya jirani hayaingizwi bila idhini ya mtoto.*

*

Bi Mwatumu hakumkaribisha kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekumbuka njia?" Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua uso. "Mara ya kwanza niliposikia kilio nilikimbia na kanga ya kichwani mkononi. Nikalia naye. Mara ya pili nikalia. Mara ya tatu nikajua. Nikamwambia, shoga, eda yako ulikaa ukamaliza, mimi mwenyewe nilikuogesha siku ya kutoka. Akanielewa, akacheka, tukanywa chai. Kesho yake lile lidude lako likamwambia tena halina taarifa."

"Ulilieleza?"

"Nililieleza mpaka mate yakanikauka! Linasema lazima mtoto. Mtoto nimpate wapi?"

Twaha akauliza kile ambacho mashine ilikitaka, tarehe ya kutoka eda, na aibu ikampanda usoni kwa kuwa yeye ndiye aliyepaswa kuijua.

"Alhamisi, tarehe nane ya Mfungo Saba," Bi Mwatumu alisema papo hapo. "Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Ulikuja ukazika, ukakaa siku tatu, ukaondoka. Siku ya kutoka eda mama yako alikataa tusisome dua mpaka ufike. Tukakungoja. Wali ukapoa, tukaupasha, ukapoa tena. Alasiri ndipo akasema, basi someni, mwanangu ana kazi."

Twaha alikumbuka. Alikuwa Kibaigwa sokoni, akipiga mihuri mizani ya mahindi. Alikuwa ameona simu za mama akajiambia kutoka eda ni mambo ya wanawake, atapiga baadaye. Hakukumbuka kama alipiga.

*

Jioni ile alizungumza na Devotha. Alitegemea kusutwa, akapewa upole, na upole ndio uliomkata maini zaidi. Tarehe angeweza kuijaza, Devotha alisema, mhudumu ataisema. Lakini mama ameamini hajakaa eda zaidi ya mara mia tatu, na ingawa hakumbuki maneno, mwili umejenga mazoea. Huenda asiamini tarehe tupu. "Ninakutumia kibali cha faraja, kaka. Kiko kwenye simu yako. Ni kuweka kidole gumba tu."

Twaha hakuweka. Hakuwa tayari kumtwika Mgeni uongo ambao yeye mwenyewe hajawahi kuujaribu. Asubuhi ya Jumapili alimwambia Mgeni abaki jikoni, akaketi mlangoni kwa mama.

Bi Mwanahija alifumbua macho. Siku hiyo hakumtambua. Alimtazama kwa adabu anayotazamwa nayo mtu wa serikali. "Kaka, Baba Twaha ameshaamka?"

"Ameamka, Mama. Amekwenda Muheza, kuna mtambo umeharibika. Atarudi."

Uso wa mama yake ulifunguka. Twaha aliona meno yake, aliona mwanamke aliyekuwa akimfahamu, na kwa dakika kadhaa alijilaani kwa kuunyima uso huo furaha ndogo namna hiyo kwa sababu ya kiburi cha mizani. Mama alivaa bangili. Alifungua madirisha. Alisimamia chai mwenyewe, akamwamuru Mgeni akaange samaki, akamtenga mkubwa kuliko wote kwa ajili ya Mzee Salehe.

Saa sita akaanza kuchungulia nje. Saa nane akasimama kizingitini na akakataa kiti. "Muheza si mbali," alikuwa akisema. "Muheza ni hapa tu." Samaki alifunikwa, akafunuliwa, akafunikwa. Saa kumi ikanyesha mvua kubwa, na Bi Mwanahija akaanza kulia kwa woga, akimsihi kila apitaye aseme kama ameona mtu aliyebeba begi la vifaa. Miguu ilikuwa imevimba. Mgeni alimwomba aketi, Twaha akamwomba, Bi Mwatumu akaja akamwomba. Wapi! Alikuwa anamngoja mumewe, na mke anayengoja hakai kitako.

"Kama ana mke mwingine huko aniambie," alisema mwishowe, kwa sauti iliyochoka kabisa. "Asiniache mlangoni."

Twaha alimshika mabega, naye akamsukuma. Alikuwa amedhani kwamba kuna njia mbili, moja inauma na nyingine haiumi, na kwamba kosa lake lilikuwa kuchagua inayouma. Sasa alikuwa ameziona zote mbili. Kilio cha asubuhi kilikuwa na mkeka wa kukalia na dua ya kusoma. Huku kungoja hakukuwa na kitu.

*

Wazo lilikuwa la Bi Mwatumu, na alilisema kama mtu anayesema tubadilishe pazia.

"Tumtoe."

"Tumtoe wapi?"

"Edani. Usinikodolee macho. Eda yake ilikwisha mbele ya Mungu, hii si ibada, ni kumkumbusha tu. Huyo mdude wako hajui mtu anajuaje kama eda imekwisha. Mtu hajui kwa tarehe! Anajua kwa sababu ameogeshwa, amefukizwa udi, na amepakwa hina. Mwanamke wa eda hatii hina. Akiiona mkononi mwake hakuna wa kumwambia bado."

"Na ikifutika?"

"Apakwe tena. Hina ni unga, si almasi."

Jumanne baada ya adhuhuri walikuja wanawake saba; kati ya wale kumi na mmoja, ndio waliobaki. Twaha alitolewa nje, kama desturi, akakaa barazani na mkoba wake magotini. Alisikia maji yakimwagwa, alisikia kicheko, alisikia harufu ya udi ikipita chini ya mlango. Alisikia Bi Mwatumu akimtania mama yake kwamba amezeeka vibaya, na mama yake akijibu kwamba uzee si kitu, yeye Bi Mwatumu alizaliwa hivyo hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsikia akijibu mtu.

Safari hii Twaha alikuwepo. Alijua pia kwamba kuwepo huku hakufuti kule kutokuwepo.

Mgeni alitoka kumfuata. "Bwana Twaha, naomba idhini ya kujaza. Tarehe ya kutoka eda?"

"Tarehe nane ya Mfungo Saba, miaka kumi na moja iliyopita. Na uandike hina ya leo ni ya kumkumbusha."

"Waliohudhuria siku ile?"

Bi Mwatumu alimtajia majina kupitia dirishani, kumi na moja, wazima na marehemu. Mgeni akayarudia yote. Kisha akauliza, kwa sababu fomu ndivyo ilivyokuwa ikitaka, "Mtoto alihudhuria?"

Mtaa ulikuwa na kelele za pikipiki za umeme na wauza juisi, lakini Twaha aliona kama kila kitu kimenyamaza kumsikiliza. Hakuna aliyemshikia bakora.

"Hapana," alisema. "Andika hapana."

*

Jumatano mama aliamka saa kumi na mbili na nusu. Twaha alikuwa amesimama nyuma ya mlango, na alikuwa hajawahi kuswali kwa utulivu kama alivyoswali alfajiri ile.

"Baba Twaha ameshaamka?"

"Mzee Salehe alifariki, Mama," Mgeni alisema. "Miaka kumi na moja sasa. Pole sana."

Kikaja kilio. Twaha alifumba macho.

"Na eda yangu?"

"Ulikaa ukaimaliza. Walikutoa wenzako, Bi Mwatumu akiwa mbele. Tazama mikono yako."

Twaha alichungulia. Mama yake alikuwa ameinua viganja mbele ya uso, vyekundu hadi kwenye kucha, akivigeuza huku na huku. Alikinusa kimoja. Akakisugua kwa kidole gumba, rangi haikutoka.

"Hina," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi nilimaliza." Akapumua kwa nguvu, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, machozi ya mtu aliyekumbuka msiba wa zamani. "Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mzuri, ila alipenda kukoroma. Chai ipo?"

Ilikuwepo. Aliinywa barazani, akiwa amejiegemeza mkononi mwa Mgeni hadi akaketi, jua likimwangukia miguuni kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na mitatu. Twaha aliketi kando yake. Mama alimpa nafasi kwa heshima, akamwuliza za asubuhi, akamwambia akaribie chai. Hakumtambua. Twaha hakujali, alikuwa tayari kukaa hapo kama mtu yeyote.

Watu walipita wakamsalimu, naye akawaonyesha mikono. Kisha akamgeukia Mgeni.

"Wewe unayejua kila kitu. Siku nilipotoka eda, mwanangu Twaha alikuwepo?"

Simu ilikuwa mfukoni mwa Twaha, na kibali cha faraja kilikuwa bado kimefunguliwa kwenye kioo. Kidole gumba kimoja, na Mgeni angesema alikuwepo, alikuja na treni ya asubuhi, alikula wali ungali moto. Nani angeumia? Mkono ulifika mfukoni. Akaishika simu, akaihisi joto lake, na akatambua kwamba uongo huu, kati ya yote aliyoyapima wiki ile, haukuwa wa kumfariji mama.

Aliutoa mkono, akaiweka mikono yote miwili magotini.

"Hapana, Mama," alisema Mgeni. "Twaha hakuwepo."

Bi Mwanahija alikunywa funda moja la chai. Akamtazama mtu aliyeketi kando yake, kama anayeogopa asije akamfikiria vibaya mwanawe.

"Alikuwa na kazi," alimweleza. "Mwanangu ana kazi kubwa sana ya serikali, huko Dodoma. Lakini ni mtoto mzuri. Ana moyo mzuri sana, hujui tu."

Twaha alitikisa kichwa kukubali.

"Na wewe, kaka, mama yako yupo hai?"

"Yupo, Mama."

"Yupo?" Bi Mwanahija alishangaa, akaweka kikombe chini. "Sasa unafanya nini hapa kwangu asubuhi yote hii? Inuka, nenda kamwone."

Akampiga begani kwa kiganja chake chekundu, kumharakisha. Twaha alibaki amekaa palepale.